Jenerali wa Bibi Nora

Kwanza ilikuwa harufu. Agripina Mbano, mhudumu wa wazee anayeishi Husby, Stockholm, alifungua mlango wa Bibi Nora kule Rissne saa tisa alasiri, giza la Desemba limeshatanda, akapokelewa na harufu ya baruti na ngozi iliyolowa. Bibi Nora, kikongwe wa miaka themanini na minne aliyepinda mgongo, alikuwa amekaa wima kama mti.

“Mpagazi,” akasema kwa sauti nzito ya kiume. “Umechelewa.”

Alisema kwa Kiswahili. Bibi Nora hakujua hata neno moja la Kiswahili.

Agripina akatazama picha ukutani. Baba yake Nora, Jenerali Ottmar von Strehl, Mjerumani aliyepigana vita vikuu vyote viwili, vya kwanza Afrika Mashariki, kisha akafia hapa Stockholm kitandani mwake, mzee aliyeshiba siku.

Akampigia simu Khalfan wa Tensta, dereva wa basi anayewasomea dua watu waliopandwa na majini.

“Usimjibu, dada,” Khalfan alinong’ona.

“Nimeshamjibu. Nimemwambia afunge mdomo.”

Khalfan alipofika na kuanza kusoma, taa zikafifia, viatu vyenye soli za chuma vikatembea ukumbini ambako hapakuwa na mtu, vikaja, vikarudi, vikaja tena karibu zaidi, na Agripina akahisi mzigo ukimshukia mabegani, mzito, wenye kamba, ukimsukuma magoti yagonge sakafu huku ile sauti ikijitapa kinywani mwa bibi.

“Nilikuwa luteni, nikavuka Ruvuma bila kushindwa! Nikawa kanali. Nikawa jenerali, nikaongoza maelfu Urusi, vijiji vikateketea kwa neno langu! Nani wa kunitoa?”

“Dada, tutoke,” Khalfan alisema, jasho likimtiririka. “Huyu hasikii.”

Agripina hakutoka. Hasira ilimpanda mpaka meno yakagongana. Babu wa baba yake alikamatwa na Wajerumani Songea mwaka 1917, akabebeshwa masanduku ya risasi, akaachwa njiani akihara damu. Hakuzikwa.

“Ulivuka Ruvuma na wapagazi wangapi?”

“Mia sita.”

“Nitajie mmoja. Jina lake.”

Viatu vikasimama.

“Jina, mshenzi wewe! Nyota zako zote unazikumbuka!”

Agripina akajiinua, mzigo ukimkata mabega, akamsogelea bibi uso kwa uso.

“Nitakutajia mimi: Mtazama Mbano!” akapaza sauti. “Mtazama Mbano wa Songea! Alikuwa na mke. Alikuwa na watoto watatu. Toka!”

Picha ikadondoka, kioo kikapasuka. Dirisha likafunguka lenyewe, baridi ikaingia, harufu ikatoka. Mabega ya Agripina yakawa mepesi, naye akalia kwa ghadhabu, si kwa nafuu.

Bibi Nora alikuwa amepinda tena. Akazungusha macho polepole sebuleni, palipokuwa na wao watatu tu, akauliza kwa Kiswidi, kwa sauti yake mwenyewe:

“Agripina, hawa wageni wote ni wa nani? Mbona wako pekupeku, na masanduku mabegani, na theluji yote hii?”

Khalfan akarudi nyuma hadi mlangoni. Agripina akafuta machozi, akaenda jikoni kubandika sufuria kubwa ya chai.