Shanga za Rumi Kivukoni Kindu

Je, umewahi kumwuliza mwanamke ni nani aliyemfunga shanga za kiuno? Basi usimwulize. Mwanvua aliuliza mara moja tu, na swali lile likaokoa mji mzima.

Mwaka huo wa 1891 alikuwa ametimiza miaka ishirini akimpelelezea mukubwa wa Kindu. Magoti yalimuuma. Kila safari alitaka kumwambia mukubwa neno moja, na kila safari alilimeza.

Ngoma ya mti ikalia adhuhuri kutoka kwa mukubwa, kwa maneno ya siri.

"Mihogo imeibwa."

Akagonga yake. "Nani?"

"Kalume."

Mihogo, maana yake shanga za Rumi. Thelathini, za kioo cha kale, kijani kilichofifia kama maji ya bwawa, na viputo vidogo ndani. Kesho pande mbili za mto zingeapa amani juu yake. Bila shanga, mikuki.

Na Kalume alikuwa mchuuzi wa Mzungu mmoja mkusanya vitu vya kale, aliyemngoja mbele, kule mto unakoelekea.

Mwanvua akavuta darubini ya shaba. Mtumbwi unafunguliwa kamba. Kalume yumo. Na mwanamke, kajifunika ushungi mpaka puani.

Akachomeka bastola yake ya Remington chini ya kanga, akashuka kivukoni taratibu. Kukimbia hakuweza tena.

Walinzi walikuwa wakipekua vikapu. Samaki wakavu. Chumvi.

"Munaona? Mimi na muke wangu, hatuna kitu," Kalume akasema.

Mke wa mtu hafunuliwi mbele za watu. Kalume alilijua hilo.

Yule mke akajiweka sawa. Kiuno kikalia: cha, cha.

Mwanvua akainama, kama shoga kwa shoga. "Dada, shanga zako zinalia vizuri. Nani alikufunga?"

Mwanamke wa kweli angemtukana. Au angecheka, amtaje somo wake, mwanamke aliyemfunda na kumfunga.

"Kalume njo alinifunga," sauti nyembamba ikajibu. "Asubuhi hii, mbio mbio."

Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua.

"Mwanaume?" mmoja akauliza. "Hata haya hamuna."

Remington ikatoka. Ushungi ukavutwa.

Ndevu.

"Nilikuambia unyamaze," Kalume akamnung'unikia.

Shanga zote zilikuwepo, zingali na joto la kiuno cha yule bwana. Mukubwa akazipokea kwa mikono miwili.

"Vizuri, mama Mwanvua. Sasa iko kazi ingine, kule Lubutu."

Mwanvua akaiweka Remington mkekani. Alikwisha kugeuka, anatembea zake polepole, ndipo akalitoa lile neno la miaka yote.

"Mukubwa, nimechoka. Nataka kwenda kwetu Kailo, nilale."