Njia Tatu za Ijumaa Jioni

JUMATATU, SAA KUMI ALASIRI

Walikaa wanne chumba cha nyuma cha duka la matairi. Mlango umefungwa, feni imekufa. Shemeji alikuwa akichora kwa chaki sakafuni. Wote walimwita Shemeji, ingawa hakuna aliyewahi kumwoza dada.

Kazi ilikuwa fupi. Ofisi ya mfanyabiashara wa vito, ghorofa ya kwanza. Ijumaa watu hutoka mapema. Fundi angefungua kufuli na sefu. Bonge angemfunga mlinzi kamba na kubeba mfuko. Baada ya hapo, safari ya kuvuka nchi hadi kwa mnunuzi, ambaye hangesubiri mapambazuko.

"Njia?" Shemeji aliuliza.

Dereva hakuwa mtu wa maneno, ila kwa barabara ulimi wake ulifunguka. Ijumaa nne mfululizo alizipima njia zote. Barabara kuu ni pana, lakini Ijumaa jioni kila mwenye gari anakimbilia kwao, na kwenye mizani malori yanapanga foleni hadi usiku. Ya mlimani ndiyo fupi. Ukiwa nyuma ya lori moja la mbao, utalifuata mpaka kileleni. Ya tatu...

Shemeji aliinua mkono. Hakutaka kuisikia. Njia ingekaa kichwani mwa mtu mmoja mpaka gari liwake. Wasichokijua hawawezi kukiuza.

"Na mtu huyo ni wewe," alisema. "Huna mke, huna mama, huna hata paka. Utamwambia nani?"

Bonge alicheka hadi kitambi kikatikisika. Dereva naye akacheka. Ilikuwa kweli, na humo ndani ilikuwa sifa.

JUMATANO, SAA KUMI NA MBILI JIONI

Fundi alibisha hodi kwa Dereva akiwa na mkate na chai ndani ya chupa. Dereva alisimama mlangoni kitambo, hajui amkaribishe vipi. Kiti kilikuwa kimoja. Akampa mgeni, yeye akakaa kitandani.

Fundi aliona kitasa kinakwama. Akatoa bisibisi mfukoni, akakirekebisha bila kuombwa. Halafu akauliza habari za mama yake Dereva, alikufaje, alizikwa wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Dereva alianza kwa kukohoa, kama bomba lililokaa mwaka bila maji. Kisha yakatoka.

Alipofika kwenye habari za barabara, hakujizuia. Alieleza ile ya tatu, inayofuata reli ya zamani. Kwenye ramani ndiyo ndefu kuliko zote. Vumbi tupu, mashimo, daraja la kupita gari moja moja. Lakini Ijumaa jioni haina mtu, na asiyesimama popote ndiye anayewahi.

"Darajani utafika saa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Saa mbili kasoro robo."

Mgeni alipoondoka, Dereva aliosha vikombe viwili. Vyote viwili akaviacha mezani, akalala anavitazama.

IJUMAA, SAA KUMI NA MOJA NA NUSU JIONI

Injini ilinguruma polepole uchochoroni. Dereva hakuzima. Hakuvuta sigara. Mtu mmoja alipita na mfuko wa saruji, hakugeuka.

Walitoka wakitembea, hawakukimbia. Mfuko begani kwa Bonge. Hakuna risasi, hakuna kelele. Shemeji alikaa mbele, Bonge na Fundi nyuma.

"Twende, ndugu yangu," Shemeji alisema.

SAA MOJA NA NUSU

Taa za barabara kuu zilibaki nyuma. Vumbi likaingia madirishani. Shemeji aliuliza kwa nini wanazunguka, Dereva akamjibu kwamba wanawahi.

Ndipo Fundi akaomba kushuka. Tumbo, alisema. Shemeji akamwambia ajikaze, mwanamume mzima.

Dereva alitazama kioo. Fundi alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Macho yake hayakuwa ya mgonjwa. Yalikuwa mbele, gizani, kule kwenye daraja.

Dereva aliondoa mguu kwenye mafuta. Akasimamisha gari. Alisema tairi la nyuma linavuta, akashuka pia.

Walisimama nyuma ya buti. Fundi alinong'ona kwamba mdogo wake yuko mahabusu. Polisi waliahidi kumwachia wakilipata gari.

"Geuza," alisema. "Waambie limeharibika. Nakuomba, kaka."

"Jumatano ulikuja kwa ajili hiyo?"

Fundi alitazama chini. "Ndiyo."

Dereva alitikisa kichwa taratibu, akageuka kurudi.

"Jibu nilishalipata hata saa moja haijafika," Fundi alisema. "Niliondoka kwako saa tatu."

Dereva alimsukuma kidogo kuelekea vichakani, akarudi kwenye usukani.

"Darajani kuna polisi," alimwambia Shemeji. "Niliisema njia. Kwa mwanamke mmoja, baa."

Bonge alianza kucheka, akanyamaza. Kitako cha bastola ya Shemeji kilimpata Dereva shavuni. Jino likalegea.

"Mwanamke gani?"

"Sikumuuliza jina. Nililewa."

"Na Fundi?"

"Anaharisha. Mwacheni."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imekodishwa kwa wengine. Risasi ingesikika hadi darajani. Na gari lilishajulikana. Akamwambia Bonge achukue mfuko. Wangekata mashamba kwa miguu mpaka barabara kuu, wapotelee kwenye foleni ya malori.

"Nilikuamini kwa kuwa huna mtu," alisema, akafunga mlango taratibu.

Hatua zao zilififia kwenye mahindi.

Dereva alibaki na gari tupu na njia tatu. Angeweza kurudi, barabara kuu ingemfikisha kitandani mwake kabla ya usiku wa manane. Lakini gari lisipofika darajani, kijana yule angebaki mahabusu. Na Fundi angeonekana mwongo.

Aliwasha taa kubwa. Akaingiza gia.

Darajani, tochi tatu zilimmulika usoni. Aliweka mikono juu ya usukani. Afisa mmoja alichungulia viti vya nyuma, akafungua buti, akalifunga kwa hasira.

"Wenzako wako wapi?"

"Sijui, afande."

Afisa aliangalia saa yake.

"Umechelewa. Tumekusubiri hapa jioni nzima."

"Samahani," Dereva alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kweli.