Ini la Kafara

Yunusi alifunga koki ya dizeli, na injini ikaendelea kunguruma.

Akadhani kaifunga vibaya. Akaikaza tena, kisha akauchomoa mpira wa mafuta. Matone mawili yakamdondokea mkononi, yakakoma. Injini haikujali. Du, du, du, ikapiga ndani ya motaboti iliyofungwa kamba hapo Pate, maji yamejaa na jua la asubuhi linawaka.

Fundi huyu wa Mkomani, Lamu, alizeeka na mashine, na jambo hili hakuwahi kuliona. Injini ya petroli ukiikatia cheche, imekufa. Ya dizeli haina cheche. Huiui ila kwa njaa. Sasa hii imenyimwa chakula na bado inatafuna. Inatafuna nini?

Hadia, mke wa mwenye chombo, alikuwa amekaa juu ya jiwe pwani, mimba ya miezi minane. Akaweka mkono tumboni.

"Bwana Muhdhar," alimwita mumewe kwa sauti ndogo, "mwana apiga teke. Kila ipigapo mashini, naye apiga."

Muhdhar akacheka. Alikuwa hodari wa kucheka mbele za watu. Lakini injini ilipozima yenyewe, ekzosi ilitema moshi mwembamba wenye harufu ya ini la kuchoma, na kicheko kikamkauka.

Alijua kwa nini. Mwaka uliopita, wa hamsini na tano, alikuwa akimkimbiza Hadia hospitali ya Lamu, injini kuukuu ya petroli ikamfia katikati ya mlango wa Mkanda. Mtoto akazaliwa humo, kati ya mikoko, akiwa maiti. Ndipo Muhdhar akaapa kutia dizeli. Magogo ya kukalia injini yakang'olewa, yakachongwa mengine manene, maana mgeni huyu alikuwa mzito mara mbili. Siku ya kumkalisha akachinjwa mbuzi, damu ikamwagwa juu ya magogo, na Muhdhar akajitapa, "Hii haizimi ndiani!"

Nyama ya kafara hugawiwa majirani. Mwenye chombo na watu wa nyumbani kwake hawaonji, kwa kuwa mbuzi yule ni badala ya roho zao, na anayekula badala yake amejirudisha mwenyewe penye kisu. Kila mtoto wa Pate anajua. Muhdhar naye alijua. Ila Hadia, mjamzito tena, alikuwa na uchu wa ini, na ini lilikuwa pale, jekundu, bado la moto. Muhdhar akalificha ndani ya kikoi, akampelekea.

Kwa ajili ya ule moshi, Yunusi alimleta Mwalimu Badawi, mtu anayewasomea majini na kuwatoa. Mzee alifukiza ubani, akanyunyiza maji ya kombe yaliyooshewa aya, akanusa ekzosi kwa muda mrefu.

"Kuna mtu wa nyumbani ameonja kafara?" akanong'ona. "Sema sasa. Tutatinda mbuzi mwengine, tumwoshe aliyeonja, yaishe."

Majirani walikuwa wamesimama pale, wale wale waliokula mgao na kumsifu. Muhdhar akaona haya.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi nimemfukuza jini aliyekuja bila kualikwa. Aliyekaribishwa, simuwezi mpaka mwenyeji wake akiri."

Wiki mbili baadaye, saa mbili asubuhi, uchungu ukamshika Hadia. Wakampakia pamoja na mkunga, Bi Mwanamkisi, na Yunusi akashika injini. Walikwenda vizuri, nikisema kweli, hadi Mkanda. Pale pale alipokufa mtoto wa kwanza, injini ikapandisha sauti bila mtu kuigusa. Yunusi akafunga koki, akang'oa mpira, nayo ikazidi kasi, mbao zikitetemeka, harufu ya ini ikiwajaa puani, akachukua gunia bichi akaliziba tundu la kuvutia hewa, ikakohoa, ikaanza kulegea, na hapo Hadia akapiga ukelele.

"Mwana amenyamaa! Hatezi tena! Mwamuua!"

Yunusi akalitoa gunia. Injini ikavuta pumzi, na tumboni mtoto akapiga teke.

Hakuna aliyethubutu kuligusa gunia tena, na motaboti ikaupita mji wa Lamu mbio, ikaipita gati ambako watu waliwapungia mkono wakidhani ni salamu, ikalipita paa la hospitali waliloliona wazi kabisa, ikaipita Shela kuelekea bahari kuu, huku Muhdhar amepiga magoti miguuni pa mkewe akilia na kusema yote, ini, kikoi, na uongo aliomwambia Mwalimu.

Hadia akamtazama. "Uliniambia la bucha."

Hakumsemesha tena, siku hiyo wala baadaye.

Mtoto akatoka. Injini ikazima papo hapo. Alikuwa wa kike, mzima wa viungo, rangi ya samawati, hapumui. Bi Mwanamkisi akampiga mgongoni, akampulizia mdomoni. Wapi!

Muhdhar akarukia hendeli ya kuwashia injini, akaizungusha mara moja. Mtoto akatweta mara moja.

"Bwana, hamna hata tone la mafuta!" akasema Yunusi.

Muhdhar akazungusha, akazungusha, mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Injini ikashika. Mtoto akalia.

Mtoto huyo, Tima, sasa ana miaka miwili. Motaboti imefungwa pwani, chini ya nyumba yao, na haijanyamaza usiku wala mchana. Majirani wa karibu wamehama. Mwalimu Badawi alikuja mara moja, akauliza, "Nimtoe jini?" Muhdhar akamtazama binti yake, akatikisa kichwa kukataa.

Yunusi huja kuongeza oili. Alhamisi iliyopita aliweka bisibisi juu ya chuma, akategea sikio kwenye mpini kama mafundi wafanyavyo, akasikia beringi imeanza kugonga. Beringi haibadilishwi ila injini izimwe. Alikuwa bado ameushika mpini Hadia alipotoka nje, mtoto mkononi.

"Bwana Yunusi, hebu nisikizie hapa kifuani mwa mwana," alinong'ona. "Tangu juzi kuna kitu chagonga."

Yunusi akainama akatega sikio, ingawa mlio ule alikuwa ameshausikia.