Mvunaji wa Mkono wa Kushoto

Jioni ile Tekla alitoka kununua tepu. Si tepu ya kufungia maboksi, bali ile inayostahimili moto, ambayo hutumika kubandikia karatasi yenye picha kwenye kikombe kabla ya kukitia kwenye mashine. Alikuwa na vikombe vya watoto wa kipaimara, na tepu ilikuwa imemwishia vikiwa nusu. Pale Lipangalala watu walishazoea kumwona akipita hivyo, kanga begani, macho mbele, salamu fupi.

Walimwita mama jasiri. Miezi minane tangu amzike mumewe, Fulgensi, hakuna aliyeona chozi lake. Laiti wangejua. Hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa amekufa ganzi ndani, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Siku moja alikata kilo nzima ya vitunguu, machozi yakatoka, akajua hayo si yenyewe.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kujengea kaburi. Octavian, mdogo wa marehemu, alishapeleka matofali na saruji.

Aliporudi alimkuta mama mmoja amesimama mlangoni. Amejitanda kitenge mpaka usoni. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe, na alinuka pumba. Pumba mbichi, ile ya kutoka mashineni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Wewe ndiye mwenye vikombe?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, lakini Tekla hakumlazimisha. Mama yule akasema ametoka Mofu, anataka kikombe kimoja tu, na picha iko kwenye simu. Tekla akaichukua simu, akaihamishia picha kwenye kompyuta. Shamba la mpunga. Watu sita wameinama wanavuna. Picha yenyewe ilikuwa na giza, kama iliyopigwa jua limeshazama.

"Niandike nini?"

"Wavunaji wa Mofu."

Akaandika chini ya picha, akachapa. Wino wa kazi hii una tabia yake. Kwenye karatasi rangi hutoka zimefifia, huwezi kujua shati jekundu ni lipi na la bluu ni lipi. Ni mpaka zipate moto ndipo zinapofufuka. Tekla akaizungusha karatasi kwenye kikombe cheupe, akabandika tepu, akakiingiza kwenye mashine. Joto likapanda. Mama wa Mofu alisimama pale pale kizingitini, hakusogea, hata mbu hakufukuza.

Mashine ikalia.

Tekla akavaa glavu, akabandua karatasi polepole. Mvuke ukampiga usoni. Ulipaswa kunuka wino.

Ulinuka pumba.

Rangi zilikuwa zimetoka. Mpunga wa dhahabu, mbingu ya kijivu. Mtu wa mwisho upande wa kulia, uso ameuinamisha, alivaa shati la zambarau lenye kola nyeupe. Shati la kwaya. Tekla alilijua. Alilipiga pasi kwa mkono wake asubuhi ya mazishi, akamvalisha mumewe, akamfunga vifungo.

Akajituliza. Kwaya ina watu arobaini, na mashati yote yalishonwa na fundi mmoja.

Lakini mtu yule alishika mundu kwa mkono wa kushoto. Wenzake wote watano walishika kwa wa kulia. Na Fulgensi alikuwa mashoto, tangu kula mpaka kupalilia.

Tekla akashusha pumzi. Alikuwa amepata jibu. Katika kazi hii lazima uigeuze picha kabla ya kuchapa, kulia kuwe kushoto, ili ikihamia kwenye kikombe ikae sawa. Ukisahau, kila kitu kinatoka kinyume. Aliwahi kumchapia katekista kikombe cha jubilei, maneno yakatoka kinyumenyume, mtaa mzima ukamcheka wiki mbili. Basi amesahau tena. Hao watano ndio mashoto, na huyu anatumia mkono wa kulia kama watu wengine.

Akakizungusha kikombe atazame maneno.

WAVUNAJI WA MOFU.

Yalisomeka sawasawa.

"Mama..." Akamwonyesha kikombe. "Huyu nani?"

"Unamjua."

"Mume wangu nilimzika."

"Ulizika," mama alinong'ona. "Wengi wanazika."

Hakuna mtu wa bonde lile asiyezijua habari za misukule. Watu wanaodhaniwa wamekufa kumbe wamechukuliwa, wanalimishwa mashamba ya wengine, wanalishwa pumba, hawasemi. Tekla alikuwa akizicheka habari hizo. Sasa alitaka kuzicheka, mdomo ukakataa.

"Kesho mnajengea," mama akasema. Tekla hakuwa amemwambia. "Ukitaka arudi, mwite jina lake. Mara moja tu. Ila ukishamwita, msijengee. Mtu akiitwa halafu nyumba yake ikafungwa, atakwenda wapi?"

"Na nisipomwita?"

"Ataendelea kuvuna."

Tekla aligeuka kuweka kikombe mezani. Alipotazama tena, mlango ulikuwa mtupu. Mama hakuchukua simu, wala kikombe.

Akakaa. Kikombe kilikuwa bado cha moto. Sitamsingizia kwamba mapenzi ndiyo yaliyomsukuma. Alitaka tu kujua kama kuna kitu kitakachotikisika ndani yake. Akakisogeza kikombe mdomoni, kama anayetaka kunywa.

"Fulgensi."

Hakuna kilichotikisika, nje wala ndani. Akamalizia vikombe vya kipaimara, akalala, na usingizi ukamchukua vizuri tu.

Asubuhi makaburini katekista alisali, mafundi wakakoroga saruji. Octavian akamsogelea.

"Shemeji, tuanze? Au una neno?"

Alikuwa nalo. Acheni. Neno moja tu lingetosha. Lakini angesema nini mbele za watu, kwamba mama anayenuka pumba amemwambia? Na kulikuwa na jambo jingine, alilolijua yeye na Mungu wake. Mwaka mzima wa ugonjwa alimwogesha Fulgensi, akambeba, akamgeuza kitandani, mpaka usiku mmoja akapiga magoti akaomba: Bwana, mchukue. Alikuwa amechoka. Bado alikuwa amechoka.

"Sina, shemeji. Endeleeni."

Kaburi lilikuwa limetitia. Mafundi waliongeza toroli tatu za udongo kabla ya kupanga matofali, kana kwamba chini palikuwa patupu.

"Udongo wa huku ndivyo ulivyo," Octavian akasema. "Mvua ikipita, unashuka."

Tekla akaitikia kwa kichwa. Saruji ikamwagwa.

Jioni alifunga mlango mapema, akawasha mashine. Magharibi ilikuwa ikiingia aliposikia hatua kibarazani. Nzito. Za kuburuta. Kisha harufu ikapita chini ya mlango.

Hatua zikasimama.

Akasubiri hodi. Fulgensi alikuwa mtu wa kubisha hodi hata kwake mwenyewe, akisema nyumba yenye mwanamke ina heshima yake. Hodi haikuja. Badala yake alisikia mwili ukiteremka taratibu, ukikaa chini, mgongo ukiegemea mlango. Mbao zikalia. Mtu akahema, kama anavyohema mtu aliyetembea mbali na kukuta amefungiwa.

Tekla akaweka mkono kwenye komeo.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Ya miezi minane, yote kwa pamoja, ya kumpenda na ya kumchoka. Alilia, akakaa sakafuni, naye akaegemea mlango kwa upande wake. Kati yao palikuwa na ubao tu. Komeo hakulifungua.

Kulipokucha hapakuwa na mtu. Jirani yake Dativa alisema alipopita jana jioni alimwona mlevi ameketi pale. Alivaa nini, hakuangalia.

Jioni iliyofuata hatua zilirudi. Na iliyofuata.

Siku hizi Tekla analia kila magharibi, na sauti yake inafika mpaka barabarani. Majirani wanasikia, wanatikisa vichwa. Wanasema afadhali, hatimaye mama wa watu ameanza kumlilia mumewe.