Hirizi Chini ya Tangi

Tik, tik, tik. Indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka yenyewe, na ufunguo wa pikipiki Mureed alikuwa ameushika mkononi.

"Bakhshal, jana nilikuletea taa haiwaki. Leo haizimiki," alisema muuza maziwa huyo. "Ufundi gani huu?"

"Yale maji unayotia kwenye maziwa yamevuja mpaka kwenye waya," fundi alimjibu, akacheka. Alasiri ile mtaa wa mafundi mjini Shikarpur ulikuwa na kelele zake za kawaida, na Sughra, binti wa Mureed wa miaka mitano, alikuwa amekaa juu ya tangi, mahali anapopanda kila siku kwenda shule.

Bakhshal akakagua fyuzi. Nzima. Akautikisa ule waya wa chesisi, unaoshika fremu, aliouunga jana; umekaza vizuri. Basi akachomoa betri, akaiweka chini.

Tik, tik, tik.

Kicheko kikamkauka. Ikamjia harufu ya nywele zinazoungua, pamoja na tope la mfereji.

"Mureed," alinong'ona, "jana pale kwenye waya, chini ya tangi, palikuwa na hirizi. Kitambaa cheusi, vifundo vitatu."

"Umeitoa?"

"Ilikuwa inazuia umeme."

"Mama ndiye aliyeifunga, kaka! Pikipiki hii niliinunua bei ya kutupa. Mwenyewe wa kwanza alipinda kushoto, akaingia nayo mferejini, akafa. Irudishe! Iko wapi?"

Bakhshal akageuka kuitazama nguzo ya barabarani. Angekuwa mtu ovyo angeitupa kwenye takataka, na sasa angeiokota. Lakini ndani mlikuwa na aya, naye anamwogopa Mungu. Jana aliibusu, akaitumbukiza kwenye lile sanduku la kijani pale kwenye nguzo, la kukusanyia karatasi zenye maneno ya Mungu zisikanyagwe. Asubuhi ya leo wenye sanduku walipita na gunia lao, wakaenda kuzizamisha zote mtoni.

"Mshushe mtoto," alisema Bakhshal.

Sughra hakutaka. "Baba, mjomba aliyelowa anasema twende kushoto."

Mureed akamvuta, naye akang'ang'ania usukani kwa nguvu zisizo za mtoto, honi ikaanza kulia bila betri, taa kubwa ikawaka taratibu, maji meusi yakachuruzika chini ya tangi, mpaka Bakhshal akashika koleo na, huku akisoma Ayatul Kursiyyu, akakata waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote, hata vidole vya mtoto vikaachia.

Kimya. Taa zilizimika zote.

Mureed alilia bila haya. Akambeba binti yake begani, akaondoka kwa miguu, pikipiki hata hakuitazama. Bakhshal akaketi chini, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Walipokaribia njia panda, Sughra aliinua uso juu ya bega la baba yake, akamtazama fundi. Jicho la kulia lilikuwa wazi, limetulia. La kushoto lilikuwa linafumba na kufumbua, linafumba na kufumbua, kwa mwendo uleule wa indiketa.

Nyumbani kwao ni kulia. Bakhshal alipiga ukelele, akaanza kukimbia, lakini Mureed alikuwa ameshapinda kushoto.