Niliiba Lenzi ya Mke Mwenzangu Akiwa Kwenye Sala

"Hivi jirani, mwenzio akiolewa, ile lenzi ya marehemu anaondoka nayo?"

Jirani yangu mshonaji aliniuliza hivyo akiwa na pini tatu mdomoni. Wala hakuacha kukanyaga cherehani.

Nikamjibu, "Lenzi ni yake. Aende nayo salama."

Nilisema hivyo kwa mdomo.

Siku tisa baadaye nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwa mke mwenzangu, mkono wangu umezama ndani ya sanduku lake la nguo... na yeye yuko chumba cha mbele, amesujudu, anasali.

Ndiyo. Mmesoma sawasawa.

Mimi, mjane wa miaka hamsini na mbili, ambaye majirani wakiwa na mgonjwa huja kunigongea niwaombee dua.

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wapenda picha, kila wiki kuna mtu anauliza hapa, "Ndiyo naanza, ninunue lenzi gani?" Wataalamu mnamwagia namba mpaka anakimbia. Mimi niliishia darasa la saba, namba zenu nyingi zinanipita juu. Lakini kuna lenzi mbili nazijua kama ninavyoijua pasi yangu. Leo nitawajibu. Ila jibu langu lina aibu ndani yake, kwa hiyo nivumilieni.

Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha magodoro. Kamera kwake ilikuwa mapenzi tu, haikuwa kazi. Aliinunua mkono wa pili. Mpira wa kushikia ulishabanduka, akaubandika kwa gundi ya viatu. Ni nzito, ukiivaa shingoni siku nzima utalala ubavu. Lakini imeanguka mara mbili na haijawahi kunigomea.

Ilikuja na lenzi ya plastiki, ile yenye zumu.

Hiyo lenzi nje juani haina tabu. Unavuta mbali, unavuta karibu, kazi imeisha. Iingize ndani ya nyumba sasa... kipofu! Lazima umsogeze mtu dirishani kama shuka la kuanika. Tena haina siri. Ukimpiga mtu, unapiga na ndoo iliyo nyuma yake, na kamba ya nguo, na mguu wa meza.

Ya pili ndiyo hamsini, ile ya milimita hamsini.

Hamsini haina zumu. Ukitaka mtu awe karibu, unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Ukiishika mkononi ni nyepesi, utadhani mchezo wa watoto. Ikitafuta fokasi inanguruma kama nyuki ndani ya kopo. Lakini lifungue tundu lake la mwanga mpaka mwisho, ile namba moja nukta nane, halafu mtazame mtu... Uso unabaki uso. Vilivyo nyuma vyote vinayeyuka kama sabuni kwenye maji ya moto.

Sasa sikilizeni. Hamsini marehemu aliinunua mwaka aliomuoa mdogo wangu.

Ndiye huyo mke mwenzangu, namwita mdogo wangu. Yeye ananiita dada. Tulikaa ua mmoja, milango inatazamana, bomba moja, kamba ya nguo moja. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, yeye ni mpishi wa shule. Nilipolazwa yeye ndiye aliyeniogesha. Ubaya wake niliutafuta miaka yote, sikuupata, na hilo nalo lilinikera.

Kwenye albamu mimi nipo kwenye picha arobaini. Zote za lenzi ya plastiki. Mimi na watoto. Mimi na ndoo. Mimi pembeni, mkono umekatwa.

Yeye yupo kwenye kumi na moja. Zote za hamsini. Yuko peke yake, nyuma kote kumeyeyuka, kama vile dunia nzima imeambiwa itoke nje iwaache wawili.

Nilizihesabu. Si mara moja.

Marehemu alipofariki, kaka yake alikuja kugawa vitu. Akasema, "Mkubwa achukue kamera na ile lenzi iliyokuja nayo. Mdogo achukue hii hamsini. Mkitaka picha nzuri, itabidi mkae pamoja."

Watu wakamsifu kwa hekima. Mimi nikasema moyoni, shemeji, umempa mwenzangu macho ya mume wangu, mimi umenipa sanduku tupu.

Niliwahi kumuomba mara moja tu. "Mdogo wangu, niazime hiyo lenzi nimpige mwanangu picha ya kuhitimu."

Akaishika kifuani. "Dada... acha kwanza."

Nikaacha. Miaka minne nikaacha. Yeye hajui hata kupiga picha, ameifunga kwenye mtandio, ameilaza sandukuni. Mimi kila siku ya mapumziko nazunguka na kamera, napiga maua, napiga watoto wa watu, nikirudi naangalia zile ndoo nyuma ya kila uso...

Halafu akapata mchumba. Fundi bomba, aliyefiwa na mkewe, mtu mtaratibu. Nilifurahi kweli. Mpaka jirani aliponiuliza lile swali.

Hapo sikulala vizuri tena. Lenzi iliyomtazama kwa mapenzi ya mume wangu iende ikakae kwenye kabati la mwanaume mwingine?

Nikaenda kwa fundi wa kamera, yuko nyuma ya duka la simu. Ana beseni la vyuma chakavu. Ndani yake nilishawahi kuiona hamsini kama yetu, ndugu pacha, ila imeoza. Ukiielekeza kwenye taa unaona ukungu umeota ndani ya kioo, utando mtupu.

"Hii unaitaka ya nini, mama? Hii imekufa. Ukipiga nayo utadhani nyumba inaungua."

"Ya kuweka kabatini."

"Kabati lako linapenda maiti?"

"Wewe nipe, nikupe tripodi yangu."

"Ile ya miguu mitatu, mmoja unalegea?"

"Hiyohiyo. Maiti kwa kiwete, nani amepunjwa?"

Akacheka, akanipa.

Nyumbani nikachukua sindano, nikaikwaruza ukingoni, palepale ilipokwaruzwa ya kwetu siku ilipoanguka. Niliikwaruza kwa utulivu, kama ninayetarizi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nilingoja mwenzangu aanze kusali, kwa sababu namjua, hakatizi sala hata nyumba ianguke. Nikafungua sanduku. Nikafungua mtandio. Nikatoa nzima, nikaweka mbovu. Nikafunga fundo kama alivyofunga yeye.

Nilipotoka nilimsikia akiomba dua. Alikuwa ananitaja mimi. Anamuomba Mungu anipe afya.

Nikaenda kutawadha, nikasimama kusali na mimi. Sala haikupanda. Nilikuwa nasema maneno na yanadondoka palepale kwenye mkeka.

Lenzi niliishonea ndani ya mto.

Na mjue jambo moja, wenzangu. Sikuweza kuitumia. Niliifunga kwenye kamera siku moja mchana, mlango nimeukomea, nikapiga kikombe. Picha tamu, kikombe kama kinataka kusema. Nikaifuta. Maana picha ya hamsini inajisema yenyewe, yeyote mtaani angeiona angejua. Nilikuwa nimeiba kitu cha kulalia.

Ikafika siku moja kabla ya yeye kuondoka. Alasiri. Ninapiga pasi, nikasikia hodi.

"Dada, una nafasi?"

"Ingia mdogo wangu. Kalia hayo mashuka, usiogope."

Hakukaa. Mkononi ameshika ule mtandio.

"Nimekuletea kitu. Usikatae."

Pasi nikaisahau juu ya foronya, mpaka yeye ndiye aliyeinyanyua.

"Hii siendi nayo," akasema. "Nitaipelekaje nyumba ya mwanaume mwingine? Ni yako. Ningekupa zamani, ila..."

"Ila nini?"

"Ila nilikuwa na wivu, dada."

"Wivu? Na mimi?"

"Wewe una watoto wake. Fungua albamu, umejaa na watoto wake, wamekuparamia, wamekuvuta nguo, huonekani mpaka mkono umekatika. Mimi kila picha niko peke yangu. Nyuma hakuna kitu." Akacheka kidogo, macho yamejaa. "Nilikuwa nazihesabu zako. Arobaini. Basi nikasema, angalau nibaki na hiki kioo."

Wenzangu... nikaichukua ile foronya, nikaanza kuikunja.

"Lete kamera," akasema. "Nataka nikupige moja kabla sijaondoka. Wewe huna picha hata moja ya hamsini."

"Acha tu mdogo wangu, sijachana nywele."

"Alinifundisha, usidhani. Unabonyeza nusu, unangoja, unamalizia. Kaa hapo."

"Siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Kesho naondoka."

Akaichukua kamera mwenyewe mezani, akatoa lenzi ya plastiki, akafunga ile aliyoileta. Akabonyeza. Akaangalia picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Akakunja uso. Akafuta lenzi kwa ncha ya mtandio. Akapiga tena.

Uso wangu ulikuwa kama uko nyuma ya pazia lililolowa. Weupe mtupu, macho hayaonekani.

Akaitoa lenzi, akaielekeza dirishani. Akauona ule utando.

"Dada..."

"Nini?"

"Imeoza. Nimeiozesha." Sauti ikawa ndogo. "Ule ukuta wa sandukuni una unyevu, nilikuwa najua. Miaka minne nakunyima, kumbe naiozesha. Nilipewa kitu kimoja tu nikitunze..."

Akapiga magoti. Mke mwenzangu, bibi harusi wa kesho, akanishika miguu. "Nisamehe, dada. Nisamehe na yeye anisamehe huko aliko."

Nitawaambia ukweli wote. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. "Usijali mdogo wangu, ni kitu tu." Ningesema hayo, angeondoka analia na kunisifu. Ningebaki na lenzi, na jina zuri, na baraka zake juu. Nilishafungua mdomo. Nilishasema, "Usi..."

Sikulimalizia.

Mnaouliza mnunue lenzi gani, jibu ni hili. Chukueni hamsini, ni nzuri kuliko bei yake, na itawafundisha kutembea kumfuata mtu badala ya kumvuta. Lakini mkiona picha ya mwenzenu ni tamu kuliko yenu, msikimbilie kuhesabu alichopewa. Muulizeni kwanza nini hakipo kwenye hiyo picha. Mimi nilitazama zile kumi na moja kwa miaka kumi, pamoja na dua zote ninazowaombea watu, na sikuwahi kuona kwamba hakuna mtoto hata mmoja ndani yake.

Nikamwinua. Nikaenda kitandani, nikachukua mto, nikachana mshono kwa meno. Nikaiweka hamsini mezani, pembeni ya ile nyingine. Mbili, zimekwaruzwa mahali pamoja.

"Ile iliyooza niliiweka mimi," nikasema. "Hukuiharibu. Nilikuibia ukiwa unasali."



Akaziangalia. Akaishika ile nzima, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. Akaishika ile mbovu, akapitisha kidole hivyohivyo. Machozi yake yalikuwa yamekatika ghafla, kama bomba lililofungwa.

Akachukua kamera, akafunga ile nzima. Akarudi nyuma hatua mbili.

Nilijua anataka nini. Nilitaka kuficha uso, nikaona sina haki hiyo. Nikakaa hapo hapo juu ya mashuka ya watu, machozi na kamasi, nikamtazama.

Akabonyeza nusu. Akangoja. Akamalizia.

Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akanigeuzia nione. Uso wangu, kila mkunjo, kila kitu. Nyuma kote kumeyeyuka.

Akaiweka kamera mezani taratibu, hamsini nzima ikiwa bado imefungwa kwake, ameniachia. Akakunja mtandio wake mara mbili, akaufunga kichwani, akafungua mlango, akatoka.