Michubuko ya Mke wa Kinyozi

Jamani, yule kinyozi na mkewe walikuwa na raha zao. Asubuhi mke anafagia duka, mume ananoa wembe, wanataniana.

"Baba, kipara chako kinaniumiza macho."

"Vaa miwani."

Kisha mke akaanza kuota michubuko. Leo paja, kesho mkono, myeusi tii, na hajajigonga popote. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu. Mtaa wetu madaktari hauna, mahakimu tele. Jirani yao Bi Redio (jina tulimpa wenyewe, hazimiki) akatangaza: "Anampiga."

Hakuna aliyemuuliza mke. Wateja wakapotea, nani ampe shingo mtu wa namna hiyo? Mama mkwe akaja kumchukua mwanawe.

"Mama, hajanigusa!"

"Wote husema hivyo. Na wewe, baba, kwangu usitie mguu."

Kinyozi akabaki na viti vyake. Akaitazama mikono yake, akajishuku: labda nilimshika kwa nguvu? Siku nzima hapiti mtu wa kumpa hata salamu. Akakaa kiti cha wateja, akakinyoa kipara kisicho na unywele, ilimradi wembe usilale njaa.

Kwa mama mkwe michubuko ikazidi. Haya, mpigaji yuko wapi? Hadi pua ilipovuja damu isikatike, ndipo wakakimbilia hospitali.

"Anayempiga ni mwili wake," daktari akasema baada ya kupima damu. "Kinga yake imezigeuzia kibao chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Pengine huanza baada ya maambukizi. Mara nyingi chanzo hatukijui. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa zipo, ila mngechelewa mngemzika."

Mama mkwe akaenda dukani mwenyewe, macho chini. "Baba, mkeo anakuita."

Kinyozi alitoka mbio bila kufunga mlango. Alipofika kitandani, akaificha mikono nyuma.

"Nishike," mkewe akasema.

"Ukipata alama?"

"Zinatoka hata usiponishika."

Akamshika kwa vidole viwili.

Mke alipata nafuu. Mtaa ukarudi kunyolewa. Hakuna aliyeomba radhi. Waliinamisha vichwa, naye akawanyoa. Utani wa asubuhi na mkewe haukurudi.

FUNZO

Ukiona michubuko isiyo na sababu, au damu ya fizi na pua, nenda kapime damu mapema. Ukishuku mwanamke anapigwa, usinyamaze: mwendee, muulize, msikilize, msaidie. Lakini kumtangaza si kumsaidia. Tulimhukumu mume, na mgonjwa nusura tumpoteze.